Lau Jana Ingekuwa na Mlango

Katika tamaa za binadamu, tamaa ya kuirudia siku iliyopita ni miongoni mwa zile za kale. Mmoja hutaka kuirudia ili afute kosa lake, mwingine ili amwone tena ampendaye. Tamaa hii imezaa hadithi nyingi. Mwaka 1895 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha mtu aliyesafiri mpaka zama zijazo kwa chombo alichokiunda mwenyewe, na watunzi waliomfuata wakakigeuza chombo hicho kielekee nyuma. Kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Bwana Msa wake hana chombo, lakini naye huirudia jana kwa akili mpaka siri ya mauaji ifichuke. Tofauti yao ni hii: mpelelezi huijua jana asiweze kuigeuza, msafiri wa wakati aweza kuigeuza. Basi huyu wa pili hana budi kuulizwa: je, ni haki kuigeuza?

Tulipime swali hili kwa hadithi ya kubuni. Kijana wa Mikindani, upande wa bara wa Mombasa, ampenda msichana wa Kisauni. Ukoo wa msichana una fumbo: bibi yao wa kale alifika Frere Town akiwa mtoto, jina lake la kwanza likasahauliwa, wala hapana ajuaye alikozaliwa. Fumbo la namna hii si geni pwani. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Kiingereza zilikamata majahazi yaliyochukua watumwa kwa siri, na tangu mwaka 1875 wengi wa waliookolewa walikalishwa Frere Town, huko Kisauni. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Walioana, wakazaa, wakawa watu wa Mombasa.

Sasa kijana wetu afunguliwe mlango wa wakati. Amwona mtoto yule akipelekwa jahazini, naye ana uwezo wa kumrudisha kwa mama yake. Lakini mtoto akirudi kwao hatafika Frere Town, hataolewa huko, na msichana wa Kisauni hatazaliwa kamwe. Msomaji, wewe ungefanyaje?

Yuko atakayesema, "Mwache mtoto aende, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa mwema." Neno hili lina hatari kubwa. Mwisho mwema haukuletwa na watekaji. Uliletwa na subira ya waliotekwa, waliojenga maisha juu ya magofu. Kumpa mwivi sifa ya shamba lililooteshwa na aliyeibiwa ni kudhulumu mara ya pili. Tena, penzi lidailo minyororo ya mwingine kuwa bei yake si penzi bali ni uchoyo.

Mwingine atajibu kwamba kumwokoa mtoto ni kumfuta mpenzi aliye hai, pamoja na ukoo wake mzima. Hoja hii ni nzito, wala haiondoki kwa maneno matupu. Walakini mtoto analia mbele ya macho yake, na wajibu wa kwanza wa mtu ni kwa kilio akisikiacho. Naona kijana angepaswa kumwokoa, kisha abebe huzuni yake maisha yake yote.

Kwa bahati njema mlango huo haupo, nasi twaweza kuyashika mawili pamoja: kuwafurahia waliozaliwa, na kuuchukia uovu uliotangulia kuzaliwa kwao. Utumwa wa pwani ya Kenya haukukoma kwa sheria mpaka mwaka 1907. Katika miaka ile walikuwapo watu walioona wakanyamaza. Wao walisimama mahali ambapo msafiri wetu atamani kusimama, wala hawakuhitaji chombo. Nasi leo tumesimama katika jana ya watu watakaokuja. Likipita mbele yetu jambo ambalo wajukuu wangetamani kurudi walizuie, mlango uko wazi.