Mvua ya Paani na Haki ya Jirani wa Bondeni

Mtu amenunua kiwanja kwa mali yake ya halali, akakijenga chote kwa idhini ya serikali. Je, ana dhima juu ya mvua iliyoshuka paani kwake ikaenda kumdhuru mwingine? Wengi watajibu kwamba hana, kwani si yeye aliyeiteremsha. Sisi twaona jawabu hilo lina kasoro, na twaomba wasomaji wetu walipime pamoja nasi.

Na tutazame Hurlingham, magharibi ya mji wa Nairobi. Zamani ulikuwa mtaa wa nyumba za chini, kila moja na bustani yake pana ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, ardhi huinywa, na kilichosalia hushuka taratibu katika kijito cha Kirichwa. Siku hizi pahala pa nyumba moja husimama ghorofa nyingi, na ua wake ni saruji. Basi tupige hisabu. Kiwanja cha nusu eka ni kama mita 2,000 za mraba. Mvua ya milimita 50 juu yake ni lita 100,000. Ardhi ikizibwa, takriban yote hukimbilia mtaroni kwa muda mchache. Viwanja 100 vikifanya hivyo, ni lita milioni 10, na mtaro uliochimbwa kwa mji wa bustani hauwezi kuyabeba.

Maji hayo huingia mto wa Nairobi, yakapita Gikomba na Korogocho, kwenye vibanda vya mabati. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya. Katika Nairobi msiba mkubwa uliwaangukia watu wa kingo za mito, kisha wengi wao wakabomolewa nyumba kwa kuwa zi karibu mno na maji. Wala sisi wa pwani tusidhani hayatuhusu: mto huo humwagikia Athi, nao ndio Sabaki uingiao baharini karibu na Malindi.

Yuko asemaye: hii ni kadari. Kweli, mvua ni kadari; lakini saruji tumeimwaga sisi. Mwingine husema fungu lake ni dogo. Lakini mzigo wa wengi hauwi si wa mtu kwa kuwa umegawanywa. Kila mmoja ana sehemu yake na ataulizwa juu yake. Wanazuoni wa fiqhi waliandika zamani juu ya harimu ya mto na ya kisima, ukanda usiofaa kuzuiliwa na mtu mmoja, na juu ya haki za mapitio ya maji baina ya majirani. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 nazo zilitaja ukanda wa mita 6 hadi 30. Agosti 2018 yalibomolewa hata majengo makubwa ya biashara Kileleshwa na Lang'ata. Lakini kubomoa ni dawa ya mwisho, na ya ghali.

Dawa ya kwanza ni kuirudishia ardhi kinywa chake. Ajengaye upya aache sehemu ya ua ipandwe majani na miti, apange matofali yenye mianya, achimbe bustani ya bondeni ipokee maji ya paani, na tangi liweke yaliyobaki. Watu wa Lamu wanalijua jambo hili: mvua hunywewa na machuguu ya mchanga ya Shela, ikachujwa, ikawa maji matamu visimani. Na Kibera, wenyeji pamoja na shirika la Kounkuey Design Initiative wamegeuza kingo zilizokuwa jaa kuwa viwanja vya watu wote, bila kungoja utajiri.

Atakayesema gharama ni nyingi, twamuuliza: kwani sasa nani anailipa? Analipa mwenye kibanda, kwa godoro lake na pengine kwa mtoto wake. Kuokoa fedha yako kwa mali ya jirani asiye na habari si uchumi, ni dhuluma. Basi mwenye kiwanja, kabla ya kupima ghorofa ngapi zitaingia, na apime maji yake yatakwenda kwa nani.