Siri ya Damu ni ya Nani?

Kwetu, mama akifariki kwa saratani ya matiti, husemwa aliugua tu. Tuseme bintiye, aliye hapa Uingereza, amepimwa damu akakutwa na kasoro katika jeni ya BRCA1, iliyotambuliwa mwaka 1994. Anataka iwe siri. Anachelea posa za wadogo zake kule Tanga zisije zikavunjika. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Lakini ikiwa imetoka kwa mama, kila mtoto wake, hata wa kiume, alikuwa na nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Kurithi si kuugua, na anayejua huchunguzwa mapema. (Sisi wahandisi tukiona ufa, hatungoji ruhusa ya mwenye nyumba kuwaonya wapangaji.) Tungemsihi ampigie simu mdogo wake anayemfuata, kabla posa haijajibiwa.