Petro katika Nyumba ya Mpagani

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 10, chasimulia habari za mtu jina lake Kornelio. Alikuwa akida, yaani mkubwa wa askari mia, katika kikosi cha Kiitalia kilichokaa Sezarea, mji wa pwani uliojengwa na mfalme Herode. Hakutahiriwa, wala hakuhesabiwa katika taifa la Wayuda. Lakini alimcha Mungu, yeye na watu wote wa nyumba yake, akawapa maskini sadaka nyingi, akasali daima. Mkatekumeni asomaye habari hizi na ajue kwamba Kornelio ni mwenzake, mtu aliyengojea mlangoni kabla ya kuingia.

Siku moja, saa tisa (maana watu wa nchi ile walihesabu saa tangu jua kuchomoza, kama Waswahili), malaika alimtokea Kornelio, akamwagiza kutuma watu Yope wamwite Simoni Petro. Kornelio hakutaka maelezo. Alituma watumishi wawili na askari mmoja mchaji. Kwa Kornelio neno hili lilikuwa jepesi. Ugumu wote ulikuwa kwa Petro.

Petro alikuwa Myuda tangu tumboni mwa mama yake. Alifundishwa sheria ya Musa kabla hajajua kushika wavu. Kitabu cha Walawi, sura ya 11, chataja wanyama ambao mwana wa Israeli asiwaonje: nguruwe, ngamia, sungura, samaki wasio na magamba, ndege walao mizoga, na wadudu watambaao. Mtu wa Kongo haoni ajabu kusikia hayo, maana katika koo nyingi yuko mnyama asiyeliwa, na mahali pengine wanawake walikatazwa kuku na mayai. Lakini kwa Wayuda mwiko huu ulikuwa zaidi ya desturi ya ukoo. Ulilipiwa damu. Zamani za mfalme Antioko, miaka 160 na zaidi kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, mzee Eleazari mwenye umri wa miaka 90 alilazimishwa kula nyama ya nguruwe. Rafiki zake wakamwonea huruma, wakamshauri alete nyama yake mwenyewe iliyo halali, ajifanye tu kuila ile ya sadaka ya mfalme. Akakataa, akapigwa mpaka kufa, asije akawakwaza vijana. Habari zake zimeandikwa katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, na mtoto wa Kiyuda alikua akizisikia.

Basi asiseme mtu kwamba Petro alikuwa mjinga au mwenye moyo mbaya. Alishika neno jema, alilopewa na wazee wema, na wazee hao walilipokea kwa Mungu. Na hapo ndipo penye hatari. Mwizi ajua moyoni mwake kwamba aiba. Aweza kuona haya. Lakini mtu anayemfungia mwenziwe mlango kwa kudhani kwamba amtumikia Mungu, nani atamwonyesha kosa lake? Dhamiri yake yamsifu kila jioni.

Siku ya pili, saa sita ya mchana, wale wajumbe wakiwa karibu na mji, Petro alipanda juu ya nyumba kusali. Nyumba za nchi ile hazikuezekwa kwa majani. Juu yake palikuwa sawasawa kama uwanja, watu wakakaa huko kupunga upepo. Akaona njaa. Chakula kilipokuwa kikitayarishwa, roho yake ikachukuliwa, akaona mbingu zimefunguka, na kitu kama shuka kubwa kikishushwa kwa pembe zake nne. Ndani yake mlikuwamo wanyama wa kila namna, watambaao na ndege pia. Sauti ikamwamuru achinje, ale. Petro akakataa. Alijitetea kwamba tangu kuzaliwa kwake hakula kitu najisi. Sauti ikamjibu kwamba alichokitakasa Mungu, yeye asikiite najisi. Jambo hili likatendeka mara tatu.

Yafaa kutua kidogo hapa. Sauti ile Petro aliijua, maana aliiita Bwana. Hata hivyo akaipinga. Sheria ya Bwana aliyoishika kwa mikono miwili ilimzuia kumsikia Bwana mwenyewe akisema. Tena angalieni alikopanga: kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, kando ya bahari. Kazi hiyo Wayuda wengi waliidharau, kwa kuwa fundi hushikashika ngozi za wanyama waliokufa. Petro alilala katika nyumba hiyo, pamoja na harufu yake, wala Maandiko hayasemi kwamba alinung'unika. Mto huo alikwisha kuuvuka pasipo kujua. Akasimama mbele ya kijito.

Shuka ikarudishwa mbinguni, na Petro hakufahamu. Alikuwa akijiuliza maana yake wajumbe walipobisha hodi. Malaika hakuja kumfafanulia ndoto. Maelezo yake yalikuwa watu watatu mlangoni, wenye vumbi miguuni, wakitaja jina lake. Roho akamwambia ashuke, aende nao bila shaka. Akashuka, akawakaribisha, wakalala humo. Usiku ule Petro alianza kuelewa.

Kesho yake walishika njia, pamoja na ndugu sita wa Yope, mwendo wa kilometa 50 hivi, wakafika siku ya pili. Nyumba ya Kornelio ilijaa jamaa na rafiki. Kornelio alipomwangukia miguuni, Petro alimwinua, akisema kwamba yeye naye ni mtu tu. Kisha alitenda jambo ambalo wakubwa hulitenda kwa nadra. Mbele ya mkutano wote alikiri kwamba Myuda hana ruhusa kuingia kwa mtu wa taifa jingine, lakini Mungu amemfundisha asimwite mtu yeyote najisi, ndipo akauliza, “Mmeniitia nini?” Akanyamaza, akamsikiliza yule akida hata mwisho. Mtume mkuu alitegea masikio mtu asiyebatizwa.

Alipokuwa akihubiri, Roho Mtakatifu aliwashukia wote waliosikia, hata kabla ya maji. Wale ndugu sita walishangaa mno. Petro akaamuru wabatizwe, akakaa nao siku kadha wa kadha, akila mezani pao.

Aliporudi Yerusalemu alikuta lawama. Walimshtaki kwamba alikula na wasiotahiriwa. Tazameni jinsi Petro alivyojibu. Hakujivunia ukubwa wake, wala hakuwaita vipofu, maana hapo kwanza naye alikuwa kama wao. Aliwasimulia yote tangu mwanzo, neno kwa neno, hata ile mara aliyokataa, na ndugu sita wakiwa mashahidi. Wakatulia, wakamtukuza Mungu.

Mambo hayakuishia hapo. Miaka baadaye, karibu mwaka 49, Mitume na wazee walilazimika kukutana Yerusalemu kwa neno lilo hilo, na palikuwa na mabishano makubwa. Tena Petro mwenyewe aliteleza. Huko Antiokia alikuwa akila pamoja na Wakristu wasio Wayuda. Lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo, aliogopa, akajitenga na meza ile. Barnaba naye akamfuata. Wale waliobatizwa karibuni waliachwa peke yao na sahani zao, wakitazama mgongo wa Mtume. Kila mkatekumeni aliyekwisha kuona mbatizwa akiondoka kwenye mkeka wake aujua uchungu huo.

Paulo alimkemea uso kwa uso, mbele ya watu wote. Ayaandika hayo yeye mwenyewe katika Barua kwa Wagalata, sura ya 2. Jibu la Petro halikuandikwa. Lakini katika Barua ya Pili yenye jina la Petro, mwishoni, Paulo atajwa, naye aitwa ndugu mpendwa.