Habari za Vita na Amri ya Kupeleleza

Ndugu zetu Waislamu, katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuipeleleze habari tuletewayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tazameni: amri hii hakupewa yule fasiki, twapewa sisi wasikizi.

Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alidai mbele ya Baraza la Usalama kwamba Iraq yaficha silaha za sumu na za maradhi. Mwezi wa Machi nchi ikavamiwa. Maghala ya silaha hizo yakatafutwa, yasionekane. Hata hivyo, uchunguzi wa gazeti la Washington Post uliotangazwa Septemba ulionyesha kuwa Wamarekani 69 katika 100 walidhani yaelekea Saddam Hussein alikuwa na mkono katika mashambulio ya 2001. Mwezi huo huo Rais Bush akakiri kuwa ushahidi wa hayo hakuna. Waliokufa walikuwa wamekwisha zikwa.

Wala tusiwacheke. Mwezi wa Aprili as-Sahhaf, waziri wa habari wa Iraq, alikanusha kuwa maadui wamo Baghdad, na vifaru vyao vimo mjini. Nao Waislamu wangapi walimsadiki kwa utamu wa maneno yake!

Leo mtu barazani akiulizwa habari ya vita aliyoieneza kwa simu ameitoa wapi, hujibu, "Nimeletewa." Huyo ndiye hasa asemezwaye na aya.