Maoni ya Bure

Aliniuliza huku akikunja leso. Ilikuwa Oktoba 2023, baada ya Alasiri, jua limeanza kulegea Biashara Street, na mimi nimeegemea meza yake nala mabuyu, kama kawaida ya mtu asiye na kazi ya kudumu.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hii Elinino ni kweli au ni porojo?"

Si ami yangu wa damu, lakini namwita Ami kwa sababu alinijua nikiwa na urefu wa meza yake. Duka lake liko kwenye kichochoro kinachotokea Biashara Street, na nyuma ya duka kuna stoo ambayo sakafu yake iko chini ya barabara. Ukiingia wateremka vidato viwili. Humo ndani alikuwa ameshaweka mzigo wa Desemba, msimu wa harusi, na mwingi ulikuwa kisutu, ile leso nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi wa Pwani hakosi kuwa nayo. Marobota yamepangwa chini, moja juu ya jingine.

Nikamjibu bila hata kumeza mabuyu. "Ami, hao wanabahatisha tu. Hata 2015 si walisema vivyo hivyo? Watu wakatishwa, pesa zikatengwa, mvua yenyewe ikaja ya kawaida. Tena Rais mwenyewe ashasema hakuna El Niño."

"Eh," akasema. Akaendelea kukunja.

Mazungumzo yakaishia hapo. Hayakuchukua dakika mbili, na nimeyafikiria kwa zaidi ya mwaka.

*

Kabla sijasema kilichotokea, lazima nieleze ule ujasiri niliutoa wapi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na nisiseme uongo, pia kwa sababu nilikuwa nimepata pesa. Nilikuwa naandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Hii si siri, vijana wengi Kenya wamelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo. Mtu yuko Marekani au Uingereza, ana insha ya kurasa nane kuhusu mabadiliko ya tabianchi, analipa, wewe unaandika, jina linakuwa lake. Usiku mmoja naandika kwamba nishati ya nyuklia ndiyo tumaini la dunia. Usiku wa pili, kwa mteja mwingine, naandika kwamba nyuklia ni balaa. Zote mbili zilipata alama nzuri.

Kazi hiyo ilinifundisha jambo moja baya sana: kwamba maoni ni sauti tu. Ukiijua sauti ya mtu anayejua, huhitaji kujua. Halafu mwisho wa Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na baada ya miezi michache wateja wangu wakapotea mmoja mmoja. Marafiki walinipa pole. Mimi nilikuwa na aibu ambayo sikumwambia mtu. Ile mashine inayosema kila kitu kwa uhakika bila kujali ni kweli au la, mimi nilikuwa yeye kabla yeye hajazaliwa. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nachoka.

Kwa hiyo Ami aliponiuliza, sauti ilikuwa tayari. Hata kufikiri sikufikiri.

*

Mvua ilikuja. Anayekumbuka Novemba ya mwaka ule hahitaji kuelezwa. Garissa, Mandera, Tana River, barabara zilikatika na nyumba zikaenda na maji. Kufikia mwisho wa msimu zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini. Huku kwetu kisiwani haikuwa maafa ya namna hiyo. Ilikuwa tu mitaro imejaa, maji yametafuta pa kwenda, na kwa duka lililo chini ya barabara, pa kwenda pamepatikana.

Nilifika asubuhi nikamkuta Ami amekunja kanzu mpaka magotini. Marobota ya chini yote yalikuwa yamelowa. Maji yenyewe hayakuwa ya mvua safi, yalikuwa ya mtaro. Tulitoa leso moja moja, tukazianika kila palipowezekana, lakini utaanika nini mvua ikiendelea kunyesha? Nyekundu iliingia kwenye nyeupe. Siku ya tatu zikaanza kutoa ukungu. Kisutu iliyoingia madoa haina wa kumuuzia, maana hakuna mama atakayemvalisha bintiye leso yenye harufu ya mtaro.

Ami hakunilaumu. Alisema maji yana mwenyewe, akaniagizia chai. Hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningejitetea, na nilikuwa na utetezi wa kutosha: yeye ni mtu mzima, alikuwa na redio, ana wanawe, na Rais wa nchi alikuwa amesema kitu karibu na nilichosema mimi. Mwanzoni mwa Oktoba William Ruto alitangaza kwamba utabiri umebadilika, kwamba mvua itakuwa nyingi lakini si El Niño ya maafa. Nani mimi nimpinge Rais?

Utetezi mzuri. Ni wa mtu anayejua kuandika kurasa nane.

*

Kuna insha ya 1877 ya mwanahisabati Mwingereza, William Clifford, inayoitwa "The Ethics of Belief". Niliwahi kuitumia kwenye insha ya mteja bila kuisoma vizuri. Nilirudi kuisoma baada ya mvua.

Clifford anasimulia kisa cha mwenye meli. Meli yake imezeeka, na moyoni anajua ina kasoro. Inakaribia kuondoka na wahamiaji, familia nzima nzima. Anasumbuka kidogo, kisha anaanza kujituliza: imeshasafiri mara nyingi na kurudi salama, kwa nini isirudi safari hii? Anajiaminisha kweli, haigizi. Anaiaga meli kwa moyo mweupe. Inazama katikati ya bahari, na yeye anachukua pesa za bima.

Kila mtu atakubali kwamba ana hatia. Lakini Clifford anapiga hatua moja zaidi. Tuseme meli haikuzama, imefika salama. Je, hatia imepungua? Anasema hapana. Kosa lilikamilika pale alipojiaminisha bila haki ya kuamini. Meli kufika ni bahati tu, na bahati haimsafishi mtu.

Hapo ndipo niliposimama. Kwa miezi nilikuwa nikijisema kwamba kosa langu ni kwamba mvua ilinyesha. Sivyo. Nilikosea siku ile ya mabuyu, jua likiwaka. Mvua isingekuja ningekuwa nimekosea vilevile, ila tu ningeitwa mjuzi.

Tazama hoja yangu ya 2015. Ni ileile ya mwenye meli: safari iliyopita hatukuzama. Lakini utabiri wa msimu haukuahidi chochote. Unasema uwezekano. Mtu akikwambia kuna nafasi saba kwa kumi mvua izidi kiasi, ndani ya maneno hayo kuna nafasi tatu za kutozidi. Zile tatu zikitokea mwaka mmoja, yeye hakusema uongo. Ukimwita mwongo, na mwaka mwingine ukaacha mzigo wako chini kwa sababu hiyo, basi hukumsikia mara zote mbili.

Na ningetaka kujua, haikuwa siri. El Niño ni jina walilolitoa wavuvi wa Peru, maana yake mtoto wa kiume, kwa sababu maji ya bahari yao yalikuwa yakipata joto karibu na Krismasi. Lakini sisi mvua yetu ya vuli haitegemei Pasifiki peke yake. Ipo pia bahari yetu hii hii, inayoonekana ukisimama Fort Jesus. Upande huu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu yanajaa kwetu na ukame unaenda kwao. Mwaka 2023 vyote viwili vilitokea pamoja. Watu wa Idara ya Hali ya Hewa walikuwa wameonya tangu kabla ya Oktoba. Kusoma kungenichukua nusu saa na bando la shilingi hamsini. Stoo ya Ami ilikuwa na mzigo wa maelfu mangapi, sijathubutu kumuuliza.

*

Sasa, hapa mtu atasema: basi tunyamaze wote? Tusizungumze hali ya hewa, akili unde, chanjo, mpaka tupate shahada?

Nami nawapa haki. Clifford akichukuliwa neno kwa neno, barza zote za Mji wa Kale zingefungwa kesho. Sisi baada ya Isha tunakaa na kahawa chungu na kashata, tunahukumu kila kitu kuanzia mabilionea wa Marekani mpaka kama kuna maisha sayari nyingine. Hakuna anayejua. Raha iko hapo hapo. Isitoshe, wakinyamaza wasio na shahada wanabaki kusema wenye vyeo, na mwaka ule wenye vyeo nao walituambia tutulie. Na kuna watu hawana shahada lakini wanajua. Nahodha mzee anayesoma kaskazi na kusi kwa ngozi yake hahitaji ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo sidhani kosa langu lilikuwa kusema. Nadhani lilikuwa hili: Ami aliniuliza swali la mzigo, nami nikamjibu kwa lugha ya barza.

Maneno ni yaleyale. "Hii Elinino ni kweli?" Kwenye barza swali hilo ni mpira, unapigwa huku na huku, mwenye mdomo mtamu anashinda, tunaenda kulala. Dukani, kwa mzee mwenye stoo iliyo chini ya barabara, maana yake ni: ninyanyue marobota au niyaache? Lilikuwa swali jingine kabisa lililovaa nguo zilezile, nami sikulitambua. Naona simu zetu zimetuzidishia upofu huu, kwa sababu kila kitu kinafika kwa sauti moja. Onyo la mafuriko, kichekesho cha onyo la mafuriko, na mtu anayebishana na kichekesho, vyote viko kwenye kioo kimoja, unavipitisha kwa kidole kimoja. Nilichomwambia Ami sikukipata kwenye utabiri. Nilikipata kwenye vichekesho.

Ajabu ni kwamba mtaa wenyewe unajua tofauti hii. Mteja akimuuliza Ami, "Hii leso itachuja?", hajibu kama anavyojibu mambo ya siasa. Anaishika, anaisugua na kitambaa cheupe kilicholowa, anamwonyesha. Asipokuwa na hakika anasema, "Hii ioshe peke yake kwanza." Mbona makini namna hiyo kwa kitu cha bei ndogo? Kwa sababu kesho atakuwa hapo hapo, na mama yule anajua duka liko wapi.

Hata leso zenyewe ni maoni. Biashara Street imeishi miaka mingi kwa kuuza maneno: mtu anachagua jina la leso, analilipia, anajifunga, anapita mbele ya jirani aliyekusudiwa. Ndiyo, ana njia ya kukana, atasema ni leso iliyosema, si yeye. Lakini amepita nayo mwenyewe, uso wazi, mtaani kwake. Mimi maneno yangu sikuyalipia kitu. Nilidhani kwa hiyo ni ya bure. Kumbe bili ilienda kwa mwingine, na haikwenda kwa mbali, ilimwendea aliyeniamini.

*

Msimu uliopita wa vuli ulipokaribia, Ami aliniuliza tena. Nilishangaa kwamba bado ananiuliza. Marobota yalikuwa chini vilevile, maana kunyanyua mzigo ni kazi na vijana wa kubeba wanataka pesa.

"Mwanangu, mwaka huu vipi?"

Sauti ile ilikuja mpaka kooni. Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Sijui Ami. Nipe mpaka Maghribi."

Nilienda nikasoma utabiri wote wa Pwani, si kichwa cha habari tu. Nikarudi nikamwambia unavyosema, kwamba si hakika, ni uwezekano, na kwamba kwa maoni yangu mzigo wa chini unyanyuliwe juu ya mbao, kwa sababu kunyanyua bure kutamgharimu kidogo kuliko kulowa.

Akanitazama kwa muda. "Na ukikosea, isinyeshe?"

"Nitakuja kuyashusha mwenyewe."

"Na kuyanyanyua?"

Hilo sikuwa nimelipangia. Tulimaliza baada ya Isha, mgongo wangu unauma, mikono yangu inanuka pamba. Barza nilikuta washaanza habari za roboti. Nilikaa pembeni nikaagiza kahawa.