Mpaka Kwenye Mwamba



Desemba 3, 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alfajiri hiyo, watu wa Katesh wakiwa bado hawajaitwa na kengele ya ibada, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafuata bonde la mto Jorodom hadi majumbani mwao. Zaidi ya watu 80 walifariki.

Mathayo na Luka wote wanasimulia habari za wajenzi wawili. Mathayo anautaja mwamba tu. Luka, katika sura ya 6 aya ya 48, anaongeza jasho: mjenzi aliyejenga juu ya mwamba ilimbidi achimbe kwanza. Miaka mingi nimeisoma aya hiyo na kulipita neno hilo.

Wahandisi wanaozuia miteremko isiporomoke wanalijua. Udongo wa juu ukishiba maji huwa mzito, ukaanza kuteleza juu ya tabaka gumu lililo chini. Basi hutoboa kwa mashine, wakaupita udongo wote unaosogea mpaka ndani ya mwamba wenyewe, wakashusha nondo zilizosukwa na kumwaga zege. Nguzo hizo hupangwa safu kukatiza mteremko, wala hazigusani. Udongo hujibana kati ya nguzo na nguzo, ukajishikilia kama tao. Lakini nguzo iliyoishia katika udongo unaosogea, hata iwe nene namna gani, itaondoka nao. Mara ngapi imani yetu imeishia hapo, katika kwaya nzuri na sare mpya, msiba ukaja tukachukuliwa?

Nisiwadanganye, hata hivyo. Nguzo hizi ni za gharama kubwa, na hufaa pale ardhi inaposogea polepole, kama juu ya barabara. Haziuzuii mlima uliokwisha kugeuka mto wa tope. Tena maji yasipotolewa kwa mifereji, nazo huzidiwa.

Ndugu yetu anayeishi mlimani hana mashine ya kutoboa mwamba. Anachoweza ni kuangalia: nyufa ardhini, miti iliyoanza kuinama, mlango ambao ghafla haufungiki, chemchemi iliyozuka palipokuwa pakavu. Ukiziona dalili hizo usingoje Jumapili. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji leo hii, na wewe unayeishi tambarare, mbali na bonde la mto, mvua ikikaza usiku, mfungulie jirani huyo mlango alale kwako pamoja na watoto wake.