Nani Aitwe Mshenzi?

Mara nyingi twasikia mtu akimwita jirani yake mshenzi, kwa kuwa lugha na desturi zake ni ngeni. Je, ni haki kuyapima mataifa hivyo? Tuangalie mambo ya kale.

Wagiriki waliwaita wote wasiosema Kigiriki «barbaroi», ndiyo kusema washenzi. Hata Waajemi, wenye ufalme mkubwa uliofika mpaka mto Indus, waliitwa hivyo. Kweli Wagiriki walistahili sifa. Katika mji wa Atene raia walikutana, wakashauriana, wakapiga kura juu ya sheria na vita. Lakini mtumwa hakuwa na neno barazani. Yeye alichimba fedha ardhini, huko Laurion, ili mji utajirike.

Waajemi walitawaliwa na mfalme mmoja. Koreshi, mfalme wao, aliuteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristu, akawaruhusu Wayahudi waliohamishwa warudi Yeruzalemu kulijenga tena Hekalu, kama tusomavyo katika Kitabu cha Ezra. Lakini mwaka 494 Waajemi hao hao waliuharibu mji wa Mileto, wakawahamisha watu wake.

Basi, mstaarabu ni yupi? Ustaarabu hauko katika lugha wala katika majengo. Taifa hupimwa kwa jinsi linavyomtendea mnyonge aliye mikononi mwake. Na kwa kipimo hicho kila taifa lina sifa yake na aibu yake.

Aeschylus, Mgiriki, alipigana na Waajemi huko Marathon mwaka 490. Mwaka 472 alionyesha Atene mchezo alioutunga, ambamo wazee wa Uajemi na mama wa mfalme wao wanaomboleza vijana waliokufa vitani. Alitambua kwamba machozi ya adui ni machozi ya mtu.

Somo hili latuhusu sisi wa Mweso. Kati ya miaka 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta jamaa nyingi kutoka Rwanda, zikakaa katika nchi ya Wahunde. Mwaka 1993 damu ilimwagika Walikale na Masisi. Shauri la shamba au la utawala laweza kukatwa kwa haki. Lakini amdharauye mwenzake hamwoni tena kuwa mtu, na hapo panga huwa karibu.

Basi, ndugu, kabla hujamwita jirani mshenzi, jiulize kwanza: sisi nasi tumemtendea nini aliye mnyonge kwetu?